Kamera ipo, sura ya mwizi haionekani: kuchagua CCTV ya jengo dogo kwa bei unayoimudu

Video za aina hii huzunguka kila mara kwenye magrupu ya WhatsApp ya mitaa yetu. Saa nane usiku mtu mwenye kofia anaingia getini, anakokota pikipiki ya mpangaji, anatokomea. Chini ya video wanachama wanauliza swali lile lile: kamera si ilikuwepo, mbona sura haionekani? Mmoja anasema kamera za bei rahisi ni kutupa fedha. Mwingine anajibu kwamba hata za gharama ni yale yale. Mwenye nyumba aliyekuwa anajikusanya afunge za kwake anabaki hajui amwamini nani.

Mimi naamini kamera ya bei nafuu inaweza kukuonyesha sura vizuri kabisa, na ya bei kubwa inaweza kukunyima. Kinachoamua ni umbali kati ya kamera na mtu, lenzi, mwanga wa pale alipo, na kama rekodi bado ipo siku unapoihitaji. Mambo haya yanaeleweka na mtu yeyote, na ukishayaelewa fundi hawezi kukuuzia usichokihitaji.

Tuchukue jengo ambalo utalikuta Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa kila mtaa: ghorofa moja, fremu tatu za biashara chini, familia nne za wapangaji juu, geti moja, ngazi moja, na uchochoro upande mmoja.

Kwanza maneno yenyewe. CCTV ni mfumo wa kamera zinazopeleka picha kwenye kifaa cha mwenyewe peke yake, hazirushwi kwa umma kama televisheni. Kifaa hicho ni sanduku la kurekodia lenye diski ndani. Kama kamera ni za analogi, yaani zinazotumia waya wa koaksi unaofanana na ule wa antena ya televisheni, sanduku huitwa DVR. Kama ni kamera za IP, yaani zinazotumia waya wa mtandao wa kompyuta, huitwa NVR. Kazi yao ni moja: kupokea picha, kuzihifadhi, kukuonyesha. Intaneti si sehemu ya lazima. Wengi hudhani bando likiisha kamera zimekufa. Mfumo wenye sanduku na diski unaendelea kurekodi hata kama ruta imezimwa mwezi mzima. Utakachokosa ni kutazama kwenye simu ukiwa mbali.

Unataka kamera ikujibu nini?

Kabla ya kuuliza bei, simama getini ujiulize swali unalotaka picha ikujibu. Kuna "je, kuna mtu?", kuna "je, huyu ni mtu ninayemfahamu?", na kuna "huyu nisiyemjua ana sura gani?" Swali la tatu ndilo polisi watakalotaka jibu lake, na ndilo gumu. Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2014, kiliyapima maswali haya kwa nukta za picha, zile tunazoziita pikseli. Kugundua kwamba kuna mtu kunahitaji pikseli 25 kwa kila mita ya eneo linalotazamwa. Kumtambua unayemfahamu, 125. Kupata sura ya mgeni kiasi cha kumthibitisha, 250.

Sasa hesabu. Kamera ya megapikseli 2, ambayo mafundi huiita 1080p, ina pikseli 1,920 kwa upana. Seti nyingi za kamera nne huja na lenzi za milimita 2.8, ambazo huona pana sana, nyuzi 100 hivi. Ndiyo maana dukani zinapendeza: uwanja mzima umo kwenye skrini. Ifunge kamera hiyo kwenye kona ya nyumba, mita 10 kutoka getini. Kwa umbali huo inatazama eneo lenye upana wa mita 24 hivi. Gawanya 1,920 kwa 24, unapata pikseli 80 kwa mita. Uso wa mtu mzima una upana wa sentimita 16 hivi, kwa hiyo uso wa aliyesimama getini umechorwa kwa pikseli 13 tu. Hapo ndipo sura ilipopotelea. Haikupotea usiku ule wa wizi. Ilipotea siku kamera ilipofungwa.

Na hairudishwi. Filamu zimetuzoesha kuona mpelelezi akivuta picha hadi namba ya gari inasomeka. Kuvuta picha iliyokwisha kurekodiwa ni kuzikuza pikseli zile zile 13. Hakuna programu inayoweza kukuletea alama ya uso ambayo kamera haikuiona. Zile zinazodai kuisafisha picha hubuni sura, na sura ya kubuni inaweza kumpeleka mtu asiyehusika mikononi mwa watu wenye hasira.

Dawa zipo mbili. Moja ni kusogeza kamera: lenzi ile ile ya 2.8 ikiwa ndani ya mita 3 kutoka anapopita mtu, inafikia zile pikseli 250. Ya pili ni kubadili lenzi. Lenzi ya milimita 6 huona pembamba, lakini kwa mita 8 hivi bado inakupa sura. Hivyo kwa jengo letu ningetafuta kwanza mahali pembamba ambapo kila anayeingia hana budi kupita, yaani geti na mdomo wa ngazi. Geti lipate kamera ya lenzi ya milimita 6, ngazi ipate ya 2.8 kwa karibu. Mbili zilizobaki zitazame mbele ya fremu na uchochoroni, na hizo usizidai sura. Kazi yake ni kukuonyesha mtu alitoka upande gani na akaelekea wapi. Kamera nne zilizopangwa hivi zinashinda nane zilizotundikwa kwenye kona za paa, na fundi akikwambia "bosi, weka nane kabisa uwe na amani," muulize kila moja itajibu swali gani.

Urefu nao una makosa yake. Watu huweka kamera juu kabisa ili isifikiwe, halafu rekodi yote inakuwa ya vichwa na kofia. Ya mlangoni ikae mita mbili na nusu hivi kutoka chini. Ukihofia kuharibiwa, nunua yenye umbo la kuba na kifuniko kigumu.

Usiku

Wizi mwingi tunaouhofia ni wa usiku, na usiku ndio mtihani. Gizani kamera huwasha taa za infraredi ambazo jicho halizioni, picha ikawa nyeusi na nyeupe. Namba iliyoandikwa kwenye boksi, mita 20 au 30, ni umbali ambao mwanga huo unafika. Haikuahidi kwamba utaona sura kwa umbali huo. Tena gizani kamera huacha kila picha ipokee mwanga kwa muda mrefu zaidi, na mtu anayetembea haraka anaburuzika kama rangi iliyofutwa na mkono.

Hapa kuna imani moja inayowagharimu watu: kwamba megapikseli nyingi huona vizuri zaidi usiku. Pikseli nyingi zikibanwa kwenye kitambuzi (kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga) cha ukubwa ule ule, kila moja inapata mwanga kidogo zaidi. Kamera ya bei ndogo yenye megapikseli 8 inaweza kushindwa gizani na ya megapikseli 2 au 4. Kabla ya kulipia megapikseli, funga taa ya LED ya wati 9 juu ya geti. Ikiwaka saa 12 kila usiku inakula uniti tatu na kidogo za Luku kwa mwezi. Sijui kitu kingine kwenye mfumo mzima kinachoongeza ubora wa picha kwa fedha ndogo kiasi hicho, na taa yenyewe humfanya mtu asite.

Angalia pia ukuta na majani yaliyo karibu na lenzi. Infraredi ikigonga ukuta mweupe ulio sentimita chache pembeni, kamera inapofuka na mbele yote inakuwa nyeusi. Wadudu hufuata taa, buibui hufuata wadudu, na utando mbele ya lenzi usiku hung'aa kama pazia. Kitambaa kikavu kila baada ya wiki chache kinatosha.

Rekodi itakaa siku ngapi?

Hili huulizwa mwishoni, au haliulizwi kabisa, mpaka mpangaji arudi kutoka msibani baada ya wiki mbili akute mlango umevunjwa na rekodi imeshafutika.

Fikiria simtank na bomba. Diski ndiyo tangi, na kila kamera ni bomba linalomwaga ndani yake mchana na usiku. Tangi likijaa, sanduku linafuta ya zamani kabisa na kuandika mpya juu yake. Ukubwa wa bomba hupimwa kwa megabiti kwa sekunde. Kamera ya megapikseli 2 iliyowekwa kwenye megabiti 2 hujaza gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne ni 86.4. Diski ya terabaiti 1 itakupa siku 11 na kidogo. Ya terabaiti 2 siku 23. Fundi akiziweka kamera kwenye megabiti 4, kata siku hizo nusu. Kwa hiyo uliza kama sanduku lina mbinu ya kubana video iitwayo H.265, ambayo kwa ubora unaokaribiana hutumia takriban nusu ya nafasi ya ile ya zamani, H.264. Ningeshauri usikubali chini ya wiki mbili, na mwezi ni bora. Unaweza pia kuamuru kamera ya uchochoroni irekodi pale tu kitu kinaposogea. Ya geti iache irekodi muda wote.

Diski yenyewe iwe ya kazi hii. Zipo zilizotengenezwa kwa kuandikwa saa 24, kama WD Purple na Seagate SkyHawk. Diski iliyotolewa kwenye kompyuta kuukuu itafanya kazi, kisha itakufa kimya kimya, na utagundua siku ya tukio.

Analogi, IP, au ya Wi-Fi?

Neno analogi linawatisha watu kwa sababu wanakumbuka picha za ukungu za zamani. Analogi ya leo hupitisha megapikseli 2, hata 5, kwenye waya wa koaksi. Kwa jengo letu la kamera nne ningechagua hiyo bila kusita: ni ya bei ya chini, mafundi wengi wanaijua, na kamera ikifa unabadilisha hiyo moja bila kugusa mtandao. DVR nyingi za sasa hupokea pia kamera moja au mbili za IP, kwa hiyo hujajifungia mlango.

IP ina faida yake. Waya mmoja wa mtandao, aina ya Cat6, hubeba picha na umeme hadi mita 100. Jengo likiwa bado linajengwa na mabomba ya waya yanapita ukutani, au ukitarajia kuongeza ghorofa na kamera, lipa tofauti hiyo sasa.

Kamera za Wi-Fi zenye memori kadi ni nzuri kwa ndani ya fremu moja. Neno "bila waya" lisikudanganye, kwani bado zinahitaji waya wa umeme, na kadi iko ndani ya kamera yenyewe: anayeing'oa ameondoka na ushahidi. Kadi ya gigabaiti 64 kwa megabiti 2 ni siku tatu hivi. Zile za sola na laini ya simu zinafaa kwenye kiwanja au sehemu ya ujenzi isiyo na umeme. Nyingi za betri hulala hadi zihisi mtu, na sekunde za mwanzo mara nyingi hazimo.

Umeme na waya

Ukinunua kamera kwa fedha yote ukabakiza chenji ya waya, umenunua matatizo. Kuna waya unaouzwa kama shaba kumbe ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua kidogo kwa kisu, ndani ukiona weupe, rudisha. Waya dhaifu na mrefu hupunguza volti kabla hazijafika kwenye kamera. Dalili yake ni ya kipekee: kamera inafanya kazi mchana kutwa, ikifika magharibi inazima au inajiwasha na kujizima, kwa sababu taa za infraredi zimeanza kudai umeme ambao haufiki. Wenye nyumba wengi hubadilisha kamera wakati mwenye kosa ni waya au adapta.

Pwani, chumvi hula viunganishi ndani ya muda mfupi. Kila kiungo kiwe ndani ya kisanduku kilichofunikwa, kisining'inie nje na utepe. Kanda ya Ziwa, ambako radi ni nyingi, vikinga radi kwenye waya wa umeme na wa kamera za nje si anasa.

Halafu umeme unakatika, au unakatwa: kwenye nyumba nyingi swichi kuu iko nje ukutani. Kamera nne na DVR hutumia wati 35 hivi. Betri ya volti 12, Ah 7 (Ah ni ampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri), ikiwa mpya, itabeba mzigo huo saa moja na nusu hivi kama imeunganishwa moja kwa moja na mfumo wa volti 12, na pungufu ukipitia UPS ya kompyuta, yaani kisanduku chenye betri kinachoshika umeme ukikatika, kwa sababu sehemu ya umeme inapotea katika kubadilishwa. Mahali ambapo umeme hukatika usiku kucha, betri ya Ah 100 itakufikisha asubuhi. Sanduku la kurekodia lenyewe lisikae mezani dukani chini ya televisheni. Liweke juu, kwenye kabati lenye kufuli na hewa.

Ufunguo uwe wako

Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliingia kwenye maelfu kwa maelfu ya kamera na DVR duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani, aina ya "admin" na "12345". Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa kwa watu wengi. Waliokuwa na kamera hizo nyumbani hawakujua lolote. Badili neno la siri siku ya kwanza, na umwambie fundi aweke toleo jipya la programu ya kifaa.

Hatari iliyo karibu zaidi ni fundi mwenyewe, hata akiwa mwema. Kwa haraka, wengi husajili mfumo kwenye programu ya simu kwa akaunti yao, kisha wanakupa ruhusa ya kutazama tu. Maana yake mwenye mfumo kwenye kumbukumbu za kampuni ni yeye: anaona geti lako kutoka popote, na siku mkikosana au simu yake ikiibiwa, wewe ndiye mgeni. Akaunti ifunguliwe kwa namba yako au barua pepe yako, mbele yako, na yeye apewe ruhusa ya muda.

Wapangaji nao wana haki

Picha ya mtu ni taarifa yake binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake inayosimamia usajili wa wanaokusanya taarifa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na kanuni zake za usajili za mwaka 2021 zinazitaja kamera za ulinzi miongoni mwa shughuli ambazo hata mwenye biashara ndogo hasamehewi kujisajili. Kwa mwenye nyumba maana yake ni hii: waambie wapangaji, weka kibao getini, kamera itazame njia ya wote na isichungulie mlango wa chumba wala dirisha la jirani, na sauti izimwe kama huna sababu ya kuirekodi. Na rekodi ipelekwe polisi, isirushwe kwenye grupu. Mtu akidhaniwa mwizi kwa picha ya pikseli 13, mtaa unaweza kumuua kabla swali la pili halijaulizwa.

Kabla ya kumlipa fundi

Usilipe mchana. Mwambie arudi saa mbili usiku. Mtume kijana unayemwamini aingie getini na kofia, apite kwa mwendo wa kawaida, apande ngazi. Kisha mkae kwenye DVR, muitafute rekodi hiyo, na muinakili kwenye flashi. Ichezwe kwenye kompyuta nyingine. Kama sura haionekani, kamera ihamishwe au lenzi ibadilishwe usiku huo huo, wakati fedha bado iko mfukoni mwako. Zima swichi kuu kwa dakika kumi uone kama rekodi inaendelea. Mwisho soma saa iliyoandikwa kwenye picha. Vifaa vingi hutoka kiwandani vikiwa vimewekwa saa za China, saa tano mbele ya zetu. Wizi wa saa nane usiku ukiandikwa 07:00 asubuhi, mahakamani wakili wa upande wa pili ataanzia hapo, kwa hiyo hakikisha mfumo umewekwa GMT+3, yaani saa za Afrika Mashariki, na saa inalingana na ya simu yako.